Ufuo wa Bi Mosi

Watu wakiisimulia habari hii husema Mbaruku ndiye aliyekata matuta ya Bi Mosi, kwa kuwa jembe lilikuwa mikononi mwake. Waongo. Mbaruku alikuwa kijana wa kuambiwa chimba akachimba, fukia akafukia. Aliyeyakata matuta yale ni mimi, Zaina, kwa mdomo wangu huu niliojaliwa na kisha nikaunoa mwenyewe. Nasema mapema ili mtu asije akanionea huruma nisiyoistahili.

Kijiji chetu ni kipya. Zamani kila mtu alikaa shambani kwake, huku na huku kati ya Makurunge na barabara ya Bagamoyo, na moshi wa jirani uliuona kwa mbali tu. Mwaka wa sabini na nne tukahamia pamoja. Tukavuta kamba wenyewe, tukapanga nyumba arobaini na moja kwa safu nne zinazoteremka kutoka juu kilimani mpaka karibu na kijito, kila nyumba na choo chake nyuma, na mwenye mbuzi na banda lake. Tuliangalia kamba inyooke. Hakuna aliyeuliza mvua ikinyesha maji yatapita wapi.

Chini kabisa ya safu zetu alikuwapo Bi Mosi. Yeye hakuhama. Alikuwa pale tangu alipoolewa, mumewe akafa akamwacha palepale. Sisi ndio tuliokuja kukaa juu ya kichwa chake. Na chini ya uwanja wake, mwendo wa hatua thelathini, ndipo kilipokuwa kisima tunachochota sote, kando ya kijito cha Kidimu.

Kazi ya Bi Mosi ilikuwa kuosha maiti wa kike. Alipata miaka sabini, mwembamba, mwenye sauti ndogo, na mikono yake ilikuwa laini kuliko ya msichana. Tulimheshimu na tulimkwepa. Ukikutana naye njiani unamwamkia vizuri, halafu unaharakisha, maana kila mwanamke alijua iko siku atalala mbele ya mikono ile.

Uwanja wake ulinikera toka siku ya kwanza. Ulikuwa na matuta matatu yaliyokata mteremko kwa upana, yamejengwa kwa mawe na makumbi ya nazi yaliyoshindiliwa, na juu yake kaotesha michaichai na ukoka. Katikati palikuwa na shimo pana, kina cha kiuno, lenye magimbi ndani na migomba pembeni. Mvua ikinyesha, maji yote ya kilima yalishuka yakiwa mekundu, yakaingia kwake, yakagonga tuta la kwanza, yakazunguka, yakagonga la pili, yakaishia shimoni. Yaliyotoka kwenda kijitoni yalitoka polepole, tena yalikuwa meupe. Habari ya weupe huo nimekuja kuifikiria baadaye. Wakati ule niliona majani tu, na matope, na nyoka ambaye sikuwahi kumwona lakini nilikuwa na hakika yumo.

Mimi uwanja wangu ulikuwa mweupe. Mwanamke wa pwani aliyelelewa akalelewa haachi jua likamkuta hajashika fagio. Nilifagia alfajiri kwa fagio la chelewa mpaka mchanga ukabaki na mistari ya fagio, hapana jani, hapana unyasi. Ungemwaga ubwabwa ungeuzoa ukaula. Binti yangu Sihaba alifagia nilivyomfundisha. Mjukuu wangu Tabia, mtoto wa Sihaba, hata miaka mitano hakuwa ametimiza, lakini alikuwa na kifagio chake kidogo nilichomfungia mwenyewe, anakuja nyuma yangu akifuta nyayo zangu.

Januari ya mwaka uliofuata akaja Bwana Afya kwa baiskeli kutoka Bagamoyo. Alitukusanya kwenye banda la shule, akatufundisha habari za choo, habari za kuchemsha maji, habari za mbu. Alisema mengi, kwa upole, na alirudia rudia. Nililoshika mimi ni moja: maji yasisimame. Yakisimama yanazaa mbu, mbu analeta homa, homa inaua. Niliona maneno hayo yamekuja kwa ajili yangu. Ikaundwa kamati ya usafi, na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kitwana, akauliza nani aiongoze. Wanawake wote wakanigeukia. Nisiseme uongo, nilikuwa nimeshasimama.

Tukatangaziwa vilevile kwamba kabla ya masika wageni wa tarafa watapita kukagua vijiji, na kitakachoshinda kwa usafi kitapewa bendera. Masika yakiisha watarudi kuona kama bado kinastahili kukaa nayo. Bendera ile ikaniingia kichwani. Nikazunguka nyumba kwa nyumba. Nikikuta pipa limekinga maji, nalipindua. Mtungi uko uwanjani, naupindua. Vifuu, makopo, mashimo tuliyotoa udongo wa kukandika nyumba, yote nikayamaliza. Nyasi zilizoota kati ya nyumba na nyumba tulizilima mpaka kilima kizima kikawa kipara. Watu walinung'unika kidogo wakatii, kwa sababu aliyebisha nilimtania mbele za watu mpaka akacheka mwenyewe kwa haya.

Akabaki Bi Mosi.

Niliteremka kwake asubuhi moja na kamati yangu, wanawake saba, na Mbaruku na jembe lake. Tulimkuta anashindilia makumbi kwenye tuta.

"Shikamoo, Bi Mosi."

"Marahaba, Zaina. Mmeamkaje? Karibuni. Mbona wengi, kuna msiba?"

"Hakuna msiba, tumekuja kwa heri. Bi Mosi, kijiji kizima kimesafishwa, umebaki wewe. Majani haya yaondoke, na shimo hili lifukiwe. Bwana Afya kasema maji yasisimame."

Akaweka kumbi chini, akapangusa mikono. "Hapa hayasimami, mwanangu. Hapa yanapumzika."

"Yanapumzika? Yametembea kutoka wapi hata yakachoka?" Wenzangu wakaangua kicheko, nami nikapata nguvu. "Basi yatandikie mkeka, uyapepee!"

Yeye hakucheka wala hakukasirika. "Yametembea kutoka kwenu," akasema. "Huko juu mna vyoo arobaini na mabanda ya mbuzi. Mvua inaosha yote hayo inayaleta huku. Maji yakifika hapa mbio yatapita mbio, yataingia kisimani na kila mlichonacho. Yakipumzika, uchafu unabaki shimoni, magimbi yanaula. Kazi hii naijua. Shimo hili, Zaina, ndio ufuo wa kijiji."

Laiti angesema neno lingine. Angesema dimbwi, angesema bwawa, pengine tungebishana mpaka jua likawa kali tukaenda zetu. Ufuo ni lile shimo linalochimbwa chumbani, chini ya kitanda cha maiti, ili maji ya kumwoshea yaingie humo yasitapakae. Neno hilo kwetu halitajwi asubuhi mbele ya watu wenye watoto. Mmoja nyuma yangu akasema, "Audhubillahi!" Mwingine akajitemea mate kifuani. Wawili kati yao walikuwa wameanza kuyaangalia yale magimbi kwa kufikiri, niliwaona, lakini neno lile likawarudisha kwangu wote.

"Bi Mosi, unatuchimbia ufuo tukiwa hai?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema, na wote wamesikia. Kijiji kizima umekifanya maiti. Lakini si kosa lako. Maji uliyoyazoea wewe ni ya maiti, utajuaje maji ya walio hai?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Bi Mosi alinitazama usoni, kisha akaitazama mikono yake. Akaingia ndani, akarudisha mlango taratibu. Nikamwambia Mbaruku, "Kata."

Kazi ilichukua siku mbili. Tuling'oa michaichai, tukachoma makumbi, tukatawanya mawe, tukafukia shimo kwa udongo wa matuta yenyewe. Kisha nikaagiza mfereji ulionyooka, kutoka mwisho wa safu zetu, katikati ya uwanja wa Bi Mosi, hadi kijitoni. Mbaruku akavuta kamba. Siku ya tatu nilikwenda kuufagia uwanja ule kwa mkono wangu. Bi Mosi alikaa mlangoni akanitazama toka mwanzo hadi mwisho, na nilipomaliza akanipa kata ya maji, nikanywa.

Bendera tukaipata. Wageni walisema hawajaona kijiji cheupe namna ile, na Mzee Kitwana akaamuru itundikwe nyumbani kwangu.

Masika yalipoanza nilijisifu. Mvua ikikatika, huwahi hata kumaliza kumenya muhogo uwanja umeshakauka. Maji yalipita mferejini kwa kishindo yakaenda zake. Tabia alisimama kando akitupia vijiti na kuvikimbiza mpaka kwa Bi Mosi. Mbu nao, kweli, walipungua.

Wiki ya pili kijito kikawa na rangi ya chai ya maziwa. Mfereji ulikuwa umejichimba wenyewe, umepanuka mpaka Bi Mosi akawekewa gogo apate kuvuka kwenda chooni kwake. Mchanga wa kilima ulijaza kijito, kikafura, kikawa kinaingia kisimani kila mvua ikikaza. Siku moja Bi Mosi akapanda mpaka kwangu, amelowa, anahema.

"Zaina, nipe Mbaruku kwa siku moja. Siku moja tu. Turudishe tuta la chini, lile lililo karibu na kisima. Sitaki shimo, sitaki migomba. Tuta moja."

Nilitazama juu, bendera ilikuwa palepale inachuruzika maji. "Wageni watarudi masika yakiisha, Bi Mosi. Wakikuta tuta nitawaambia nini?"

"Waambie mlikuwa na kiu."

"Subiri wapite," nikamwambia. Akashuka tena polepole, akijishika kwenye kuta za nyumba za watu.

Ijumaa ilinyesha toka alfajiri hadi magharibi. Choo kimoja cha safu ya pili kikatitia, cha jirani yake kikafuata, nasi tukaviona vilivyokuwamo vikishuka mferejini mbele ya macho yetu, kwa ule mstari ulionyooka tuliouvuta kwa kamba. Hakuna kilichosimama njiani.

Kesho yake watu wakaja kwangu na ndoo zao. "Zaina, maji yananuka." Walikuja kwangu kwa sababu mimi ndiye mkubwa wa usafi. Bwana Afya alisema tuchemshe, nalikumbuka hilo, lakini kuni zilikuwa zimelowa kijiji kizima, na kusema kwamba maji yameharibika ilikuwa ni sawa na kusema nimeyaharibu. Nikawaambia wayaache mtungini yatuame, wachote ya juu. Nikachota mimi mwenyewe, nikanywa mbele yao wote. Tabia akanivuta kanga, akataka na yeye. Nikampa kata ileile.

Mimi sikuugua. Hilo ndilo ninalomwuliza Mwenyezi Mungu, na bado sijajibiwa.

Kuhara kulianza Jumatatu. Kitoto kichanga kikafa Jumatano, mzee mmoja Alhamisi. Tabia alianza Alhamisi hiyohiyo adhuhuri, na jioni macho yalikuwa yameshaingia ndani. Tulimpa maji ya mchele, akayatapika. Ijumaa asubuhi Mbaruku akambeba mgongoni kumpeleka hospitali Bagamoyo, Sihaba nyuma yake. Walipofika kwenye daraja la magogo hawakulikuta, Kidimu ilikuwa imelichukua. Nilisimama mlangoni nikamwona Mbaruku anarudi kwa mbali, anatembea. Mtu aliyebeba mtoto mgonjwa hukimbia. Nikajua.

Sihaba hakulia mbele yangu. Alimlaza mtoto, akakaa miguuni pake, akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgeni aliyeingia bila hodi.

Bi Mosi hakungoja kuitwa mara mbili. Akabisha hodi, akatupa pole, akaniambia, "Nipe maji." Nikamsogezea ndoo mbili zilizochotwa alfajiri zikatuama. Akatia vidole, akavinusa, akavifuta kwenye kanga yake.

"Haya hayatoharishi, hayamtakasi maiti," akasema. "Yana rangi, yana harufu. Mtoto haoshwi kwa maji haya."

Nikatuma watu nyumba kwa nyumba. Siku hiyo, siku hiyo tu, mvua haikunyesha. Kwa mwenye pipa, pipa limepinduliwa. Kwa mwenye mtungi, mtungi uko kichwa chini. Nyumba arobaini na moja, katikati ya masika, na hapakuwa na hata kata moja ya maji ya mvua, kwa sababu nilipita mwenyewe kuhakikisha. Nikakaa chini kwenye mchanga wangu mweupe. Mjukuu wangu alikuwa anakwenda kaburini na uchafu niliompa mimi.

Bi Mosi akamwita Mbaruku. "Nenda kwangu. Uvunguni mwa kitanda changu pana mtungi umefunikwa. Ubebe taratibu."

Nilikagua uwanja wake, jiko lake, choo chake. Uvunguni sikukagua. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa na mtungi wa maji ya mvua, aliyoyakinga mahali pa wazi, akayachuja kwa kitambaa, akayaweka kwa ajili ya yeyote kati yetu atakayetangulia. Alipoyamimina katika ndoo niliyoisugua upya, niliona mpaka chini ya ndoo. Nilikuwa nimesahau kwamba maji yanaweza kuonekana hivyo.

"Sasa chimba," akaniambia.

"Nichimbe nini?" Nilijua. Sijui kama nilitaka asilitamke au nilitaka alitamke.

"Ufuo, Zaina."

Mbaruku, aliyekuwa mlangoni, alinyoosha mkono achukue jembe. Bi Mosi akamtazama, kijana akaurudisha mkono, akatoka nje. Nikapiga magoti chumbani mwangu, juu ya sakafu niliyoipondaponda na kuipaka udongo mwenyewe, na kuifagia kila siku tangu tulipohamia. Nikachimba. Shimo lilipofika shibiri moja nikaacha.

"Ongeza kina," akasema. "Yasipate pa kukimbilia."

Nikaongeza. Tukaweka kitanda cha kamba juu ya shimo, tukamlaza, Sihaba kichwani, Bi Mosi ubavuni. Mimi nikapewa kata. Yeye alikuwa anaosha, mimi namimina. Mikono ile niliyoitukana ilipita juu ya tumbo la mjukuu wangu kwa upole ambao mimi sikuwa nao hata kwa mtoto aliye hai. Maji yakachuruzika kati ya kamba za kitanda, yakaingia ufuoni, yakazunguka, yakatulia.

Hapo ndipo maneno ya Bwana Afya yaliponirudia yote, kama alivyoyasema kwenye banda la shule. Alisema: maji yasisimame kwenye makopo na vifuu. Alisema makopo na vifuu, mara mbili au tatu. Mimi nilibeba mwanzo wa maneno, mwisho wake nikauacha palepale bandani, kwa kuwa mwanzo peke yake ulinitosha kwa nilichokuwa nakitaka.

Sihaba alikuwa anatazama shimoni.

"Mama," akasema, "haya mbona unayaacha yasimame?"

Nikairudisha kata ndooni. Bi Mosi hakuinua macho.

"Mimina, Zaina," akasema kwa sauti yake ndogo. "Bado mara moja."

Nikamimina.